Barua za Raya Kama Zilivyoandikwa

Hadithi hii ni ya nchi ambayo haimo katika ramani yoyote, na msomaji akiuona mtaa wake humu ndani, basi ulaumiwe mtaa kwa kufanana.

Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Shwari, na ilikuwa nchi njema. Hakuna kilichokosekana humo, kwa kuwa sheria ilikataza kitu chochote kukosekana. Sukari ikitoweka madukani ilitangazwa kwamba imepumzika. Maji hayakukatika kamwe, yalikwenda likizo. Wananchi walikuwa na furaha, kila mmoja na kadi yake ya kuthibitisha hivyo, na aliyeipoteza kadi alipewa siku saba za kuwa na huzuni halali hadi apate nyingine.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Sudi Ngwali, mpima macho wa zahanati ya serikali. Zamani ubao wa kupimia macho ulikuwa na herufi mchanganyiko kama kwingineko, lakini waziri mmoja alishindwa kuzisoma mbele ya waandishi wa habari, na tangu hapo ubao ukaandikwa neno SHWARI kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Raia aliketi, akasoma Shwari, Shwari, Shwari, akaambiwa macho yake ni mazima. Wengine walisoma vizuri sana wakiwa wameupa ubao kisogo. Sudi aliandika kwenye daftari, "Anaona." Kisha aliufunga mlango, akatoa ubao wa zamani aliokuwa ameukunja ndani ya droo, akampima mtu upya na kumpa miwani chini ya meza. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake pekee dhidi ya Jamhuri, na alilifanya kila siku.

Mkewe Raya alikuwa mkunga. Miaka tisa nyuma alikwenda ng'ambo, katika nchi ya baridi, kwa mkataba wa miaka miwili wa kuzalisha wanawake wa huko. Mkataba ulipokwisha akaomba kurudi. Wizara ikamjibu kwamba raia aliye nje hurudi pale tu nchi inapomhitaji, na Jamhuri ya Shwari, kwa neema ilizojaliwa, haikuwa ikihitaji mtu. Sudi naye akaomba kutoka amfuate. Akaambiwa aeleze sababu. Akaeleza. Kamati ikakaa siku nne, ikamwandikia kwamba imetafuta kwa dhati na haikuona sababu yoyote ya mtu kuondoka Shwari. Simu za nje nazo zilikuwa zimesitishwa kwa muda, na huo ulikuwa mwaka wa nane wa muda huo.

Basi ndoa yao ikahamia kwenye barua pepe.

*

Barua pepe zote za nchi zilipita katika Sanduku la Taifa. Raia alipolifungua, kwanza alisikiliza wimbo wa taifa, beti zote tatu. Kisha ilitokea picha ya Rais akiwa ameshika bahasha. Kisha swali, "Je, umefurahi leo?" na chini yake kitufe kimoja tu cha kubonyeza, kilichoandikwa "Ndiyo." Hapo ndipo barua zilipoonekana. Mtandao ukipumzika, barua nazo zilipumzika, hata zile za miaka ya nyuma, kwa kuwa hazikuwa zikikaa kwa mwenyewe.

Lakini barua za Raya zilistahili kungojewa. Zilikuja kila Ijumaa. Aliuliza goti la Sudi linaendeleaje, kama mpera wa nyuma ya nyumba umezaa, kama bado anasahau kula mchana. Alieleza jinsi theluji inavyoshuka bila sauti, na jinsi mikono yake inavyopasuka kwa baridi akawa anaipaka mafuta ya mgando kabla ya kulala. Sudi alizisoma mara tatu tatu. Miaka ya mwanzo barua zake zilikuwa fupi na zenye kurukaruka kidogo, lakini miaka mitano hii ya mwisho zilikuwa zimejaa upendo kiasi kwamba Sudi, akiwa katikati ya kumpima mtu, alijikuta akitabasamu peke yake.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka barua hizo zikae nyumbani, ili mtandao ukipumzika yeye aweze kusoma. Mgonjwa mmoja aliyekuwa mwalimu wa chuo, akishukuru kwa miwani yake ya chini ya meza, alimwambia kwamba kuna programu ambazo mtu huziweka katika kompyuta yake ya mezani. Barua zinashuka na kukaa humo, kama nguo katika kabati lako mwenyewe.

"Inaruhusiwa?" Sudi aliuliza.

"Ipo Sheria ya Uhuru wa Kuchagua," mwalimu alisema. "Ilipitishwa kwa makofi. Sijasikia mtu aliyewahi kuitumia."

*

Ofisi ya Uchaguzi wa Programu Binafsi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lenye ghorofa mbili. Hadi ghorofa hiyo itakapojengwa, ofisi ilifanyia kazi uani, chini ya turubai. Mkurugenzi wake, Mheshimiwa Kiguta, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mtu anayezindua kitu, na kwa muda wa miaka sita hakuwa amepata mwombaji hata mmoja. Alipomwona Sudi aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akahutubia.

"Ndugu mwananchi. Uhuru wa kuchagua ni tunda la jasho la viongozi wako. Serikali haiogopi siri zako. Serikali inazipenda siri zako. Inachotaka ni kuzijua tu, ili izilinde vizuri."

Akampa fomu yenye kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tatu uliuliza, "Taja siri unazokusudia kuwa nazo, zisizidi tano." Sudi aliandika, "Barua za mke wangu." Ukurasa wa tisa ulitaka mashahidi wawili wasiomfahamu kabisa mwombaji, ili wasiwe na upendeleo. Sudi alisimama kituo cha treni asubuhi nzima hadi akawapata wageni wawili waliokubali kuapa kwamba hawamjui. Katika ukurasa wa mwisho mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba hana sababu ya kuomba.

Baada ya miezi miwili aliitwa kwenye usaili mbele ya kamati ya ofisi hiyo.

"Unaficha nini?" Mheshimiwa Kiguta aliuliza kwa upole.

"Sifichi kitu, Mheshimiwa. Nataka barua za mke wangu zikae nyumbani."

"Ndani ya barua hizo kuna nini?"

"Mnajua kilichomo. Si mnazisoma?"

Mkurugenzi akaonekana kuumia moyoni. "Ndugu Sudi, sisi hatusomi barua za watu. Sisi tunazipitia."

Kisha akavuta kitambaa mezani, na chini yake kulikuwa na maboksi matatu. La kwanza lilikuwa la Njiwa, programu ya Wizara, yenye picha za ndege na yenye kupeleka nakala ya kila barua wizarani ili raia asihangaike kuitunza. La pili, lenye utepe wa dhahabu, lilikuwa tupu. Programu hiyo ilikuwa bado haijatengenezwa, ila ilikwishapata tuzo. La tatu lilikuwa la Bahasha. Hii iliandikwa zamani na wanafunzi wa chuo kabla chuo hakijafungwa kwa ajili ya kuboreshwa. Ilikuwa na rangi ya kijivu, haikuwa na wimbo, haikuuliza kama umefurahi.

"Chagua kwa uhuru," alisema Mheshimiwa Kiguta, akilisogeza boksi la Njiwa mbele.

Sudi akaiuliza kamati Bahasha inafanya nini. Hakuna aliyejua. Kijitabu chake kilikuwa na sentensi moja tu ya kueleza, "Huleta barua kama zilivyoandikwa." Sudi akaipenda sentensi hiyo. Akachagua Bahasha.

*

Kuichukua ilibidi apite dirisha la kutolea, na nyuma ya dirisha alikuwapo mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyevaa sweta ingawa kulikuwa na joto. Kibao kilisema: Bi. Tunu, Mpitiaji wa Daraja la Pili, Meza ya Kumi na Nne. Aliisoma hati ya Sudi, akalisoma tena jina, akamtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya ofisi.

"Bwana Sudi," alisema, "chukua Njiwa. Ni nzuri. Ina picha."

"Nimekwisha chagua, bibie."

"Barua za mkeo hazikufikii vizuri?"

"Zinanifikia."

"Zinakupa raha?"

"Sana. Ndiyo maana nazitaka karibu."

Bi. Tunu akainamisha kichwa juu ya hati kama aliyekuwa akitafuta kosa la kuikwamisha. Akapata. Muhuri ulikuwa umekaa upande. Sudi akarudi baada ya wiki tatu na muhuri ulionyooka. Akaambiwa wino ni wa bluu na unatakiwa mweusi. Akarudi tena. Safari ya nne alimkuta Bi. Tunu ana macho mekundu, na safari hiyo hakutafuta kosa. Aligonga muhuri, akasukuma flashi ndogo ya kijivu chini ya kioo.

"Uifungue asubuhi," alisema. "Uwe umekula kwanza."

Sudi aliona ni mwanamke mwenye huruma, akamshukuru.

*

Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Alikunywa chai, akaiweka Bahasha katika kompyuta yake, akaandika jina lake na neno lake la siri. Mstari mwembamba ukaanza kusogea kwenye kioo, barua zikawa zinashuka.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo kamati haikulijua. Katika Shwari hakuna kilichotupwa. Kila barua iliwekwa mara mbili: ile ya asili, na ile iliyopitiwa. Sanduku la Taifa na Njiwa vilikwenda kwenye zilizopitiwa. Bahasha, kwa uzee wake, haikujua kwamba kuna kitu kinachoitwa kupitiwa. Ilikwenda moja kwa moja kwenye zile za asili, ikazileta zote, kila moja na nakala yake iliyopitiwa chini yake, pamoja na maandishi mekundu ya wapitiaji pembeni.

Mstari ulipomaliza kusogea, Sudi alitafuta kwanza, chini ya jina la Raya, barua ya Ijumaa ya jana. Haikuwapo. Akatafuta ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, ya mwaka uliopita. Barua ya mwisho ya Raya ilikuwa ya miaka mitano nyuma. Zilizofuata, zaidi ya mia mbili na hamsini, zilikuwapo, lakini mahali pa jina la mwandishi paliandikwa: Meza ya Kumi na Nne.

Alidhani programu ni mbovu. Aliizima akaiwasha. Kisha akaanza mwanzo.

Barua yake ya kwanza kabisa kwa Raya aliikumbuka neno kwa neno. Alikuwa ameandika, "Raya, nyumba imekuwa kubwa mno bila wewe. Jana nimepika chai ya watu wawili, nikakumbuka, nikaimwaga yote." Chini yake ilikuwapo ile iliyomfikia Raya. "Raya, nyumba ni kubwa. Jana nimepika chai." Pembeni, kwa wekundu: *Kukumbuka kumeondolewa. Raia hana cha kukumbuka, kila kitu kipo. Kumwaga chai kunaashiria uhaba wa wanywaji.*

Akafungua nyingine. Alikuwa ameumwa homa siku tisa na kumwandikia mkewe kwamba alilitaja jina lake hadi majirani wakaja. Raya alipata, "Majirani wamekuja." Nyingine ilikuwa ya ukurasa mzima, aliyoiandika siku ya kumbukumbu ya harusi yao. Raya alipata salamu na sahihi.

Halafu akasoma moja ya Raya, ya mwaka wa nne. Raya alikuwa ameuliza swali, na swali lenyewe Sudi hakuwahi kuliona, kwa kuwa kilichomfikia yeye kilikuwa habari za hali ya hewa. Raya aliandika: "Sudi, barua zako zimekuwa kama risiti. Sikulaumu. Niambie tu ukweli. Unanihitaji bado, au umeshazoea?" Wiki hiyohiyo, bila kujua ameulizwa chochote, Sudi alikuwa amemwandikia kutoka moyoni, "Siwezi kukaa bila wewe." Wapitiaji walikuwa na Waraka wa Tisa uliokataza kukanusha, kwa kuwa kukanusha kulileta mawazo hasi. Mpitiaji akaigeuza sentensi ikawa njema.

Raya alipokea, "Naweza kukaa bila wewe."

Sudi alikaa na sentensi hiyo mbele yake hadi chai iliyobaki kikombeni ikaota utando. Nje mtu alikuwa akipiga pasi na kusikiliza redio, na redio ilikuwa ikisema kwamba mwaka huu furaha imeongezeka kwa asilimia kumi na mbili.

Ya mwisho ya Raya ilikuwa fupi. "Nimekuuliza mara kumi na moja. Umenijibu mara moja, na jibu nimelielewa. Sitaandika tena. Sina kinyongo. Goti lako lipashe maji moto, usilikaze." Pembeni mwake palikuwa na maandishi mekundu ya mkono uleule uliopitia zote za mwaka huo: *Isipelekwe. Itahuzunisha.*

*

Jumatatu Sudi hakwenda kazini. Alikwenda uani, akapita mbele ya Mheshimiwa Kiguta aliyekuwa akihutubia mmwagiliaji wa maua, akasimama dirishani.

Bi. Tunu alikuwa anamngoja. Alitoka kwa mlango wa nyuma, wakakaa juu ya mifuko ya saruji ya ile ghorofa ya tatu.

"Ni wewe," Sudi alisema.

"Ni mimi."

"Zote?"

"Za miaka mitano zote. Kuzikata hizo za nyuma walikuwa watu wengine. Mimi nilihamishiwa meza ile mwaka aliponyamaza." Alivuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole. "Raia asiyepata barua siku tisini huhesabiwa kuwa mwenye huzuni, na meza yenye mtu mwenye huzuni hufungwa. Tukapewa mfano wa barua ya kujaza. Ya kwanza niliijaza tu."

"Na ya pili?"

"Wewe ulijibu. Uliuliza kama mikono yake bado inapasuka kwa baridi. Na hakukuwa na mtu yeyote wa kukujibu, Bwana Sudi. Nilikaa na swali lako siku mbili. Nikaandika."

"Barua nilizokuwa nikimwandikia zilikwenda wapi?"

"Zilikuja kwangu."

Sudi akatazama chini. Alikumbuka mambo aliyoyaandika miaka hiyo, mambo ambayo mtu humwambia mke wake tu.

"Theluji," alisema mwishowe. "Uliandika inavyoshuka bila sauti."

"Sijawahi kuiona. Nilifikiri tu kwamba lazima iwe hivyo."

Bi. Tunu akasema kwamba angemwomba msamaha, lakini fomu ya watumishi kuomba msamaha bado iko kwa mchapaji. Hakusema hivyo kwa mzaha. Alikuwa ameishi Shwari maisha yake yote, na hakujua njia nyingine ya kuanza.

"Raya hakuwahi kuuliza habari za mpera," Sudi alisema. "Hakuwa akiupenda. Alisema unaleta nzi. Ningejua tangu siku ile barua ilipoutaja." Akainuka akipangusa saruji. "Nilifurahi, ndiyo maana sikujua."

"Nisikuandikie tena?"

"Usiniandikie tena, Bi. Tunu."

Alitikisa kichwa kukubali. Sudi alikwenda hadi langoni, na alipogeuka Bi. Tunu bado alikuwa amekaa juu ya mifuko, mikono ndani ya sweta.

*

Wiki nzima aliandika na kufuta. Hatimaye alimpelekea Raya barua zake zote za asili bila kuongeza maelezo mengi. Alieleza kilichotokea kwa mistari sita, akaweka zile nyingine chini yake, kuanzia ile ya chai. Bahasha haikumwuliza kitu. Ilipeleka moja kwa moja, bila kupita kwa wapitiaji.

Jibu lilikuja siku ya tatu, mchana, akiwa amefunga mlango wa chumba cha kupimia.

"Sudi," Raya aliandika. "Nimesoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa sakafuni hospitalini, wenzangu wakadhani nimeanguka. Siku niliyosoma kwamba unaweza kukaa bila mimi nilikwenda kazini nikazalisha watoto wanne, na sikumbuki uso wa hata mmoja. Nilikasirika mwaka mzima. Baadaye nilichoka kukasirika.

"Nimeolewa, Sudi. Nilikutumia hati za talaka mara tatu kupitia serikali, na kila mara nilijibiwa kwamba raia amezipokea kwa furaha. Ni mtu mwema, anaendesha gari la wagonjwa. Tuna binti wa miaka miwili. Sikuambii haya kukuumiza. Nakuambia kwa kuwa sasa tunaweza kuambiana.

"Ulipika chai ya watu wawili na mimi sikujua. Mimi nami nilikuwa nikilala upande mmoja wa kitanda, na wewe hukujua. Barua zako ninazo. Sijui niziweke wapi katika nyumba hii, lakini ninazo. Naomba usiniandikie nyingine. Nikisoma moja zaidi sitaweza kumtazama mwanangu sawasawa, naye hana kosa. Nisamehe kwa kuamini."

Nje ya mlango mgonjwa alikohoa kuonyesha kwamba yupo. Sudi alifungua, akamkaribisha, akamketisha. Mzee yule akaanza mwenyewe, kwa sauti ya utiifu, Shwari, Shwari, Shwari, na Sudi akamwacha asome hadi mstari wa mwisho.

*

Jamhuri haikujua lolote katika haya. Ilichojua ni kwamba raia mmoja ametumia Sheria ya Uhuru wa Kuchagua, na kwamba wageni wa kimataifa wangependa kumwona. Ikatangazwa Siku ya Faragha ya Taifa. Uwanja wa mpira ulijazwa wanafunzi waliopangwa kwa rangi hadi wakatengeneza bahasha kubwa iliyofungwa. Sudi alivalishwa skafu iliyoandikwa Raia wa Kwanza wa Faragha, akawekwa jukwaani juu ya kiti kirefu ili kila mtu aweze kuiona faragha yake vizuri.

Waziri alihutubia saa mbili. Alisema kwamba nchi nyingine zina faragha za kuagiza kutoka nje, lakini Shwari imejitengenezea ya kwake. Kisha akamgeukia Sudi na kipaza sauti.

"Ndugu Sudi, hebu waambie walimwengu. Programu yako inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, Mheshimiwa."

Makofi.

"Na barua zinafika kama zilivyoandikwa?"

"Zinafika kama zilivyoandikwa."

Makofi marefu.

"Umefurahi?"

Sudi akakitazama kipaza sauti. Uwanja ukangoja. Wanafunzi waliokuwa gundi ya bahasha wakaanza kuyumba kwa jua. Ikapita dakika nzima, ambayo ni muda mrefu sana kwa nchi yenye furaha, hadi mkuu wa bendi alipopata akili akaamuru tarumbeta. Kesho yake gazeti liliandika kwa herufi kubwa, AKOSA MANENO KWA FURAHA, na ofisi ya uani ikapokea maombi mapya mia nne kwa siku moja.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado juu ya mabati, alibisha hodi Bi. Mize, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwanawe wa pekee, Jabu, alikuwa baharia katika meli za mbali, na mtaa mzima ulijua barua zake, kwa kuwa kila zilipokuja mama yake alizisoma kwa sauti barazani.

"Shikamoo, mama," Sudi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona uwanjani. Umependeza." Alikuwa ameshika fomu ya kurasa kumi na nne kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sahani iliyojaa. "Nimekuja unijazie. Macho yangu unayajua. Nataka na mimi barua za Jabu zikae ndani."

Sudi hakuipokea fomu mara moja. "Jabu anaandikaje siku hizi?"

"Ah, siku hizi anaandika vizuri mno. Zamani alikuwa mvivu, mistari miwili, mama nitumie hiki, mama nitumie kile. Sasa ananiuliza hata kama nimelala vizuri." Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Watoto wakikua hubadilika."

Sudi alimvutia kiti. Aliuangalia uso wa mama yule, na kwa mara ya kwanza akamwelewa Bi. Tunu aliyekuwa ameuona muhuri umekaa upande. Angeweza kusema kurasa ni chache. Angeweza kusema kalamu haina wino. Bi. Mize angekwenda zake na angeendelea kusoma barazani hadi mwisho wa maisha yake, na pengine huko baharini kulikuwa na kijana aliyekuwa akimwuliza mama yake swali moja, mara ya kumi na moja.

Akaichukua fomu, akaiweka mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Nitakujazia, mama. Tutaijaza yote. Ila siku watakapokupa, usiifungue peke yako. Niite."

"Kwani ni ngumu kufungua?"

"Si ngumu. Niite tu, nije nikae nawe."

Bi. Mize akamtazama, tabasamu likiwa bado usoni lakini limesimama, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Alivua kanga ya begani, akaikunja mapajani, akasubiri. Sudi akashika kalamu, akaandika jina la Bi. Mize kwenye mstari wa kwanza, kisha jina la mwanawe.